Ibada kwa Ruhusa ya Mwajiri: Ukristo wa Wafanyakazi wa Afrika Mashariki katika Nchi za Ghuba

Mazungumzo juu ya Wakristo wanaoishi katika nchi za Kiarabu za Ghuba huanza karibu kila mara na swali la sheria, yaani nchi ipi inaruhusu makanisa na ipi hairuhusu, na jibu lake hutolewa haraka: upande mmoja huwekwa Saudi Arabia, ambako hakuna jengo hata moja la kanisa lililo wazi kwa ibada, na upande wa pili huwekwa Kuwait, Bahrain, Katari, Umoja wa Falme za Kiarabu na Omani, ambako makanisa yapo na hujaa hadi watu wakasimama nje. Mgawanyo huo ni wa kweli, lakini kwa Wakenya, Waganda, Watanzania na Warundi wanaofanya kazi za ndani, ulinzi, usafi, hoteli na udereva katika nchi hizo, unaeleza sehemu ndogo tu ya maisha yao ya wiki. Mfanyakazi wa ndani anayeishi Kuwait, umbali wa kutembea kwa miguu kutoka kanisani, anaweza kumaliza mkataba wake wa miaka miwili bila kukanyaga humo hata siku moja, ilhali mlinzi aliye Riyadh, mji usio na kanisa, huenda ana wenzake watano au sita anaosali nao kila Ijumaa usiku katika chumba cha kulala, mlango ukiwa umefungwa na sauti zikiwa chini. Linaloamua zaidi ni saa za mtu: nani anayo siku ya mapumziko, siku hiyo ni ipi, na ruhusa ya kutoka nje imo mkononi mwa nani.

Ukristo wenyewe si mgeni katika ufukwe huo. Mwaka 1992 wanaakiolojia waligundua katika kisiwa cha Sir Bani Yas, magharibi ya mji wa Abu Dhabi, mabaki ya monasteri, yaani makao ya watawa, na Novemba 2022 ilitangazwa kwamba monasteri nyingine imepatikana katika kisiwa cha Siniyah huko Umm al-Quwain. Isaka wa Ninawi, mwandishi wa mambo ya sala ambaye maandishi yake bado yanasomwa na Wakristo wa Mashariki, alizaliwa katika karne ya 7 kwenye eneo lililoitwa Beth Qatraye, ambalo lilijumuisha nchi inayojulikana leo kama Katari. Jumuiya hizo zilififia kadiri karne zilivyopita, na Ukristo unaoonekana huko sasa una asili nyingine kabisa, kwa kuwa uliletwa kwanza na wamisionari na madaktari, kisha ukakuzwa na mafuta. Mwaka 1889 Wamarekani James Cantine na Samuel Zwemer walianzisha Misheni ya Arabuni, ambayo hospitali yake ya Bahrain ilifunguliwa mwaka 1903 na inafanya kazi hadi leo. Kipande kimoja cha historia hiyo kinawagusa Waafrika moja kwa moja, ingawa hakitajwi sana: mwaka 1896 Peter Zwemer, mdogo wake Samuel, alipokea huko Maskati wavulana 18 waliookolewa kutoka kwenye jahazi la watumwa, akawafungulia shule. Walioketi darasani kusikiliza Biblia katika mji huo, kabla ya karne ya 20 kuanza, walikuwa basi watoto wa Kiafrika waliovushwa bahari bila hiari yao.

Makanisa ya sasa yamejengwa kwa sehemu kubwa juu ya ardhi iliyotolewa na watawala, na jambo hili lina maana yake, kwa sababu kiwanja kinachotoka mkononi mwa mtawala hufuata masharti yake kuhusu mahali, ukubwa na sura ya jengo. Kanisa Katoliki la Moyo Mtakatifu la Manama, nchini Bahrain, lilijengwa mwaka 1939. La Mtakatifu Yosefu la Abu Dhabi lilifuata mwaka 1965, na la Mtakatifu Maria la Dubai, katika ardhi iliyotolewa na Sheikh Rashid bin Saeed Al Maktoum, likafunguliwa mwaka 1967. Nchini Omani ni Sultani Qaboos aliyetoa viwanja vya Ruwi, Ghala, Salalah na Sohar. Doha ilisubiri hadi mwaka 2008, na Desemba 2021 kanisa kuu la Mama Yetu wa Arabuni lilizinduliwa huko Awali, Bahrain, ambako pia ni makao ya askofu anayesimamia Wakatoliki wa Bahrain, Kuwait, Katari na Saudi Arabia kwa pamoja.

Kwa kawaida madhehebu mengi huwekwa ndani ya ua mmoja. Eneo la Mesaimeer, nje kidogo ya katikati ya Doha, ni mfano ulio wazi: ukuta mrefu, majengo yasiyo na msalaba wala kengele kwa nje, lango lenye walinzi wanaokagua mifuko na vitambulisho, kisha, mtu akishavuka lango hilo, ukumbi baada ya ukumbi ambamo Wafilipino, Wahindi wa Kerala, Waethiopia, Wanigeria na Wamisri husali kwa wakati mmoja, kila kundi kwa lugha yake, huku nyimbo za chumba kimoja zikipenya ukuta wa chumba cha pili. Makundi makubwa yalifika zamani na ndiyo yenye saa nzuri za asubuhi. Kikundi cha Waafrika Mashariki, ambacho aghalabu ni kidogo na ni cha juzi juzi, hupata saa iliyobaki, na kwa kuwa wengi wa waumini wake hufanya kazi za zamu, ibada ya Kiswahili huwa na watu wanaoingia wakiwa na sare za kazi na wengine wanaotoka kabla ya mahubiri kwisha ili wasikose basi la kampuni. Ndani ya ua huo uhuru ni mpana kuliko wanavyodhani wengi walio nyumbani. Nje ya ua mambo hubadilika, maana kumhubiria Mwislamu kwa nia ya kumgeuza dini ni kosa la jinai, na Mkristo mwenye busara hujifunza mapema kutovaa rozari nje ya nguo na kutoimba kwa sauti katika mabweni.

Jambo la pili ambalo mgeni hulazimika kulizoea ni kalenda. Katika nyingi ya nchi hizi Ijumaa ndiyo siku ya mapumziko, na Jumapili ni siku ya kazi, hivyo kwa miongo mingi makanisa ya Ghuba yamesoma masomo ya Jumapili siku ya Ijumaa na kuwahesabu waliohudhuria kuwa wametimiza wajibu wao. Mkristo aliyelelewa Machakos au Moshi, ambaye tangu utotoni alijua Jumapili kwa nguo zake na kwa chakula chake, huchukua muda kuipa Ijumaa uzito huo, na wengine hawafanikiwi kamwe. Huhudhuria Ijumaa kwa mwili, kisha Jumapili wakiwa kazini huhisi kama watu waliokosa kitu. Wanaopata faraja isiyotarajiwa ni Wasabato, yaani Waadventista wa Sabato, ambao ni wengi Kisii, Mara na Upareni, na ambao nyumbani hupata shida ya mitihani na vikao vya kazi vinavyopangwa Jumamosi: katika nchi nyingi za Ghuba Jumamosi imo ndani ya mapumziko ya wiki, na hivyo mtu wa ofisini aliyezoea kuomba ruhusa kwa barua hujikuta anaitunza Sabato yake bila kumwomba mtu yeyote. Umoja wa Falme za Kiarabu uliuvuruga mpango huu tarehe 1 Januari 2022, serikali ilipohamishia mapumziko Jumamosi na Jumapili pamoja na nusu ya Ijumaa, na parokia zikalazimika kupanga upya ratiba zao zote. Wafanyakazi wa maofisini walishangilia. Wa dukani, wa ujenzi na wa majumbani hawakuona tofauti kubwa, kwa kuwa wao siku yao hupangwa na msimamizi au na mama mwenye nyumba.

Ili kuelewa kwa nini ruhusa ina uzito kiasi hicho, ni lazima kueleza kafala. Huu ni utaratibu ambao mgeni huingia na kukaa nchini chini ya dhamana ya mtu au kampuni iliyomwajiri, ambaye huitwa kafili, na kwa muda mrefu mgeni hakuweza kubadili kazi, na katika baadhi ya nchi hakuweza hata kuondoka, bila kibali cha kafili huyo. Utaratibu umelegezwa hapa na pale. Katari, kwa mfano, iliondoa mwaka 2020 sharti la kupata kibali cha mwajiri wa zamani kabla ya kuhamia kwa mwingine. Hata hivyo kafala inambana zaidi kadama, jina ambalo Wakenya na Waganda humwita mfanyakazi wa ndani wa Ghuba, kwa sababu yeye anaishi humo humo anamofanyia kazi, na mlango anaoutumia kwenda kanisani ni mlango wa nyumba ya mwajiri. Sheria za karatasini zinamtambua. Kuwait ilipitisha sheria ya wafanyakazi wa majumbani mwaka 2015, Katari na Umoja wa Falme za Kiarabu zikafuata mwaka 2017, na zote zinataja siku ya mapumziko kila wiki. Kanuni za Saudi Arabia za mwaka 2013 nazo ziliitaja, zikaongeza kwamba iwe kwa makubaliano ya pande mbili. Katika maneno hayo ya mwisho ndimo wiki nyingi zimepotelea, kwa kuwa makubaliano kati ya mtu aliyelipia tiketi na ada za ofisi na mtu asiye na pasipoti mkononi hayawezi kuwa makubaliano ya wawili walio sawa. Waajiri wengi hulipa mshahara bila matatizo na humtendea kadama kwa adabu, lakini humpumzisha ndani ya nyumba, wakihofia kwamba akitoka atapotea, atapata rafiki, au hatarudi.

Ziara ya Papa Fransisko huko Abu Dhabi, ambayo ilikuwa ya kwanza ya papa katika Rasi ya Arabuni, ilionyesha uzito huu wa ruhusa ya mwajiri kwa namna ya kipekee. Tarehe 4 Februari 2019 alitia saini, pamoja na Imamu Mkuu wa Al-Azhar Ahmed el-Tayeb, Hati ya Udugu wa Kibinadamu, na kesho yake aliongoza Misa katika uwanja wa michezo wa Zayed, ambako watu waliohudhuria ndani na nje ya uwanja walikadiriwa kufikia 180,000. Magazeti ya dunia yaliandika zaidi juu ya hati. Kwa wafanyakazi tangazo lililokuwa na thamani kubwa lilikuwa la wizara ya kazi, iliyoagiza kwamba watu wa sekta binafsi waliopata tiketi za Misa hiyo wapewe ruhusa siku hiyo. Serikali ilikuwa imeamua, kwa siku moja, kusimama mahali pa mwajiri.

Kadama asiyetoka huijenga ibada yake ndani ya kazi. Saudi Arabia, Kuwait, Bahrain na Katari ziko katika saa moja na Kenya, Uganda na Tanzania, tofauti na Omani na Umoja wa Falme za Kiarabu zilizotangulia kwa saa moja, na bahati hii ya kijiografia ina matunda yake: ibada ya Jumapili ya saa tatu asubuhi inayorushwa kwa intaneti kutoka Nakuru au Mbeya humfikia Riyadh ikiwa saa tatu ile ile, watoto wa nyumba wakiwa shuleni na yeye akiwa na rundo la kanzu nyeupe mbele ya pasi. Simu huwekwa mfukoni mwa aproni, waya wa kisikilizi hupitishwa chini ya shela anayotakiwa kuvaa kichwani, na sikio moja huachwa wazi kwa ajili ya kuitwa. Akiitwa, huzima, akirudi, anakuta somo limekwisha na kwaya inaimba. Anayeishi kwa namna hiyo kwa miezi huwa na ujuzi wa ajabu wa mahubiri ya vipande, akijua mwanzo wa mengi na mwisho wa machache.

Kwa kuwa simu za sauti za WhatsApp zimezuiwa kwa muda mrefu katika Umoja wa Falme za Kiarabu na Katari, jambo ambalo limewafanya watu kutumia programu kama Botim, maombi ya vikundi yameegemea zaidi ujumbe wa sauti uliorekodiwa. Mmoja hurekodi sala ya dakika mbili akiwa bafuni au juu ya dari anakoanika nguo, mwingine huisikia saa nne baadaye na kuitikia amina kwa sauti yake mwenyewe, na wa tatu huongeza ombi lake kabla ya kulala saa saba ya usiku. Sala ya pamoja inayochukua saa tisa kukamilika ni kitu ambacho vitabu vya liturujia, yaani taratibu za ibada, havikukiwazia, lakini wanaoishiriki huihesabu kuwa ni sala moja. Wakipata nafasi ya kuonana, husalimiana kwa desturi ya kila dhehebu: Wakatoliki kwa Tumsifu Yesu Kristo, walokole kwa Bwana asifiwe. Huambizana pia ni mtaa upi una duka linalouza unga wa sima.

Ramadhani ni mwezi unaowapima kuliko yote. Sheria hupunguza saa za kazi katika sekta nyingi mwezi huo, lakini jikoni zinaongezeka, kwa sababu wageni huja kila jioni, futari huandaliwa kwa vyakula vya aina nyingi, sambusa hukunjwa kwa mamia, vyombo huoshwa hadi karibu na usiku wa manane, kisha daku hutakiwa kabla ya alfajiri. Kadama Mkristo hula kwa kujificha mchana, kwa adabu na kwa sheria, na wapo wanaoamua kufunga pamoja na nyumba, wakiuhesabu kuwa mfungo wao wenyewe mbele ya Mungu wao. Wachungaji hawakubaliani juu ya jambo hilo. Wengine huona ni hatari ya kuchanganya dini. Wengine huona, na hoja yao ina nguvu zaidi, kwamba mtu anayepika siku nzima bila kuonja hana kosa akiitoa njaa yake kuwa sadaka. Familia nyingi nazo huwa wakarimu kuliko kawaida katika siku hizo, na zawadi ya Idi ambayo mfanyakazi hupewa mara nyingi ndiyo inayolipa karo ya muhula wa pili nyumbani.

Omani ina sura yake ya pekee katika uhusiano huu wa kadama na nyumba anayoitumikia. Baada ya mapinduzi ya Zanzibar ya mwaka 1964, na hasa baada ya Sultani Qaboos kushika utawala mwaka 1970 na kuwaita Waomani walioko nje warudi, familia nyingi zilizozaliwa Unguja, Pemba, Mombasa na hata Burundi na Kongo zilihamia Maskati na miji ya ndani, zikiwa na Kiswahili chao. Hivyo msichana Mkristo kutoka Singida au Kakamega anaweza kuingia katika nyumba ambamo bibi mwenye umri wa miaka themanini humjibu shikamoo yake kwa marahaba ya Kiunguja, akamwagiza atie nazi katika wali na kumsimulia Forodhani ya zamani. Undugu wa lugha hulainisha mengi. Bibi hujua Pasaka ni nini, huenda alisoma jirani na watoto wa misheni, na yeye ndiye atakayemwambia mwanawe amwachie binti aende Ruwi Ijumaa. Upande mwingine wa undugu huo ni kwamba nyumba inayoelewa Kiswahili huelewa pia kila neno la sala inayosemwa nyuma ya mlango na kila malalamiko yanayotumwa kwa simu, na wapo makadama waliojifunza kuomba kwa Kinyaturu au Kiluhya kwa sababu hiyo tu.

Mahali ambapo hakuna padri wala mchungaji, uongozi huangukia kwa yule anayejua nyimbo. Nchini Saudi Arabia, ambako maofisa wamekuwa wakieleza kwamba ibada ya faragha haisumbuliwi lakini hakuna sheria iliyoandikwa ya kuilinda, vikundi ni vidogo na havina majina, na mara nyingi anayehubiri, anayekusanya sadaka na anayewaombea wagonjwa ni mwanamke ambaye huko alikotoka hakuwahi kupewa zaidi ya kufagia madhabahu. Tenzi za Rohoni zimo katika kumbukumbu yake, Biblia imo katika simu. Jambo hili lingestahili kuandikwa na wanahistoria wa Kanisa la Afrika Mashariki, ambao wamezoea kutafuta viongozi katika orodha za waliowekewa mikono.

Kikundi hicho hicho pia ni chama cha kusaidiana. Anayefukuzwa kazi usiku huelekezwa mahali pa kulala, anayeugua huchangiwa dawa, na mwili wa aliyefariki huchangiwa gharama za kusafirishwa pale ambapo mwajiri na ofisi iliyomleta wanarushiana mzigo. Kwa mtu anayelipwa karibu riali 1,000 za Saudia kwa mwezi, ambazo ni kama dola 267, mchango wa riali 20 una uzito, na bado hutolewa. Msiba wa nyumbani ni mgumu zaidi. Mfanyakazi aliyefiwa na mama yake Kisumu mara nyingi hapati ruhusa ya kurudi, na kama akipata hana tiketi. Huzika kwa simu, akitazama jeneza likishushwa katika picha inayokwama-kwama kwa sababu ya mtandao wa kijijini, na kisha hurudi kuandaa chakula cha jioni. Wenzake humletea ubani wa fedha na kumfanyia ibada ya arobaini chumbani, wakichanganya, bila kuona shida, taratibu za Kianglikana, za Kipentekoste na za kwao.

Mahubiri yanayowafikia watu hawa yana visa vyake vipendwavyo. Cha kwanza ni Yusufu katika nyumba ya Potifa, kijana mgeni aliyepanda cheo na kisha akasingiziwa. Cha pili ni binti asiyetajwa jina katika kitabu cha pili cha Wafalme, aliyetekwa Israeli na kumtumikia mke wa Naamani, na ambaye neno lake moja lilimpeleka bwana wake kuponywa ukoma. Hapa kadama hujiona mwenyewe waziwazi, mjakazi wa nchi ya kigeni ambaye ana kitu ambacho nyumba nzima haina. Cha tatu, ambacho huhubiriwa mara chache, ni Hajiri, mjakazi aliyeteswa na Sarai hadi akakimbilia jangwani, akiwa mjamzito, na huko akamwita Mungu kwa jina la Mwenye kumwona. Sababu ya kisa hiki kukwepwa haifichiki: Hajiri alitoroka, na wahubiri wengi, hasa wale wa nyumbani wanaohubiri kwa simu, hupendelea kusisitiza uvumilivu. Ushauri wa kuvumilia ukitolewa na mtu aliyekaa Nairobi kwa mtu anayepigwa Dammam, Saudi Arabia, ni ushauri wa bei rahisi, na ni afadhali asome namba ya ubalozi kuliko aya za waraka kuhusu watumwa kuwatii mabwana zao. Ni haki pia kusema kwamba katika kisa hicho malaika alimwambia Hajiri arudi, na kwamba wanawake wanaokisoma wenyewe, bila mhubiri, hukitafsiri kwa njia mbalimbali kulingana na nyumba waliyomo.

Kuna pia biashara inayojivika joho la dini. Mshahara wa Ghuba, ingawa ni mdogo kwa vipimo vya huko, hufika nyumbani ukiwa fedha taslimu ya kila mwezi, na baadhi ya watumishi wa mitandaoni wameshagundua hilo. Hurusha maombi ya usiku wa manane yanayolengwa kwa walio Saudia na Dubai, humtaja mtu kwa jina alilojiandikisha nalo, humtabiria kwamba mwajiri atalainika au kwamba kuna ndugu aliyemroga, kisha humtaka apande mbegu, yaani atoe fedha kama ahadi ya muujiza, kwa namba ya M-Pesa inayopita chini ya kioo. Mtu aliyefungiwa ndani, asiye na mwenzake wa kumuuliza, ni windo jepesi. Vikundi vya kweli vimeanza kuwaonya wapya wao, lakini onyo humfikia yule tu aliyekwisha kupata kikundi.

Makanisa ya nyumbani yamejishughulisha zaidi na kuondoka kwa watu hawa kuliko kukaa kwao huko. Viza huombewa kwa kufunga na kukesha, anayesafiri huitwa mbele, huwekewa mikono na kusindikizwa kwa pambio hadi stendi. Ni nadra kwa mzee wa kanisa kuomba kuuona mkataba wenyewe na kusoma kifungu cha mapumziko ya wiki, ingawa karatasi hiyo ina uwezo wa kuamua kama msafiri ataabudu au hataabudu kwa miezi 24. Tena, katika madhehebu mengi ya zamani, mshiriki anayehama hupewa barua ya utambulisho inayoelekezwa kwa usharika au parokia anakokwenda. Anayekwenda Jeddah hawezi kupewa, kwa kuwa hakuna anwani ya kuiandikia. Katika vitabu vya nyumbani anabaki kuwa mshiriki asiyehudhuria. Zaka zake hazionekani, bahasha yake yenye namba hukaa tupu mezani kwa mhazini, na katika baadhi ya jumuiya mapengo hayo huulizwa siku mtu anapotaka kufunga ndoa, kubatiza mtoto au kuzika. Familia zinazoufahamu utaratibu huu zina njia yao: kila mwezi, fedha kutoka Ghuba zikifika, mama au dada hutenga kiasi kidogo kabla ya karo na kabla ya duka, hukitia katika bahasha ya aliye mbali, na kukipeleka Jumapili kwa namba yake, ili mhazini aendelee kuandika.